Nyonga Iliyouma Pasipo Sababu

Katika nyumba nyingi yupo kijana aumwaye na mguu wala hapana ajuaye sababu. Hakuanguka, hakupigwa, hana kidonda wala uvimbe. Kwa hiyo watu humtazama kwa mashaka. Mimi nalikuwa kijana wa namna hiyo.

Nalikuwa na umri wa miaka 23, mwaka wangu wa pili wa kufundisha, maumivu yaliponishika. Yalianza kinenani upande wa kuume, yakashuka pajani hata gotini. Naam, goti ndilo nililolilaumu kwanza! Nikalichua kwa mafuta miezi miwili, nalo halikuwa na kosa lo lote. Baadaye nalifahamu ya kuwa mishipa ya fahamu ihudumiayo nyonga hufika gotini pia, hata ugonjwa wa nyonga huweza kujificha katika goti zima. Mwalimu aonaye mtoto akichechemea huku ameshika goti, asisahau kuuliza habari za nyonga.

Usiku maumivu yaliniamsha. Asubuhi sikuweza kuinama, mdogo wangu akanifunga kamba za viatu. Shangazi alisema nimekanyaga mtego uliotegwa njiani, akataka nichanjwe. Mwalimu mkuu alidhani nakwepa zamu. Nikaenda hospitali, nikapigwa picha ya eksirei, nikaambiwa, "Mifupa yako ni mizima." Neno lile liliniumiza kuliko mguu wenyewe, maana tangu siku ile hata mama alinitazama kama wengine. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "una hakika?"

Nalikuwa na hakika. Nikachukua daftari, nikaandika kila siku ni saa ngapi nimeumwa, nilipokuwa nikifanya nini, na jambo gani lilinipa nafuu. Daftari hilo nikampelekea daktari mwingine. Alilisoma lote, kisha akaniuliza habari za utoto wangu. Nikamweleza ya kuwa viungo viliniuma mara nyingi, hasa siku za baridi, nasi tulidhani ni baridi yabisi. Ndipo akaagiza damu yangu ipimwe, akauona ugonjwa wa selimundu.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza katika majarida ya uganga na James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, lakini katika nchi zetu ulikuwako zamani sana. Chembe nyekundu za damu, zikipungukiwa na hewa safi, hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Nacho kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache. Ikizibwa, mfupa hufa polepole. Mwanzoni eksirei huweza isionyeshe neno, bali picha ipigwayo kwa nguvu ya sumaku huonyesha mapema. Kwa hiyo yule wa kwanza hakusema uongo juu ya picha yake. Kosa ni kwamba alikomea hapo.

Si kila nyonga iumayo ina ugonjwa huu. Yako mengine, kama kifua kikuu cha mfupa, au kikombe cha nyonga kilichokuwa kifupi tangu kuzaliwa. Homa pamoja na maumivu makali ya nyonga, au mguu usioweza kukanyaga kabisa, ni jambo la kupelekwa hospitali siku ile ile.

Sasa nanywa maji mengi, najikinga na baridi, natumia dawa ya haidroksiurea, nami sinunui ovyo vidonge vya maumivu dukani, kwa kuwa vingine huharibu figo. Fimbo naishika mkono wa kushoto, yaani upande usiouma. Watu hunicheka, lakini ndivyo nyonga ipunguziwavyo mzigo. Kila hatua huitwika uzito upitao mara mbili ule wa mwili mzima! Daktari amenambia ya kuwa huenda siku moja nikahitaji nyonga ya kutengenezwa. Nimelikubali neno hilo, ingawa si kila siku.

Baba na mama, wote wawili wazima, walipimwa wakaonekana wanabeba kila mmoja nusu ya ugonjwa. Mama alilia, akaniomba radhi kwa swali lake la siku ile. Mdogo wangu yule wa kamba za viatu ameposwa mwaka huu. Juma lililopita alikwenda kupimwa damu, na mchumba wake akaenda naye.