Meseji ya biashara ni ile inayojibika

Wauza matangazo huanza na picha. Mwenye duka la mbegu hapa Kamina huonyeshwa kwenye kompyuta kampeni yenye video, vitufe vya rangi na ramani ya kufika dukani, anavutiwa, analipa. Wateja wake wako upande wa Bukama, Kabongo na Kaniama, wengi wana simu za tochi, na mwenye simu kubwa huwasha mega akiwa na jambo la maana. Hiyo video wataionea wapi?

Kwangu mimi, utajiri wa meseji ni kujibika kwa simu ambayo mteja anayo tayari. Tazama hii: "Mbegu za mahindi zimefika. Jibu 1 tukuwekee mfuko, 2 ujue bei, 0 tusikuandikie tena." Ni herufi 84 pamoja na nafasi, na meseji moja ya kawaida inabeba 160. Sasa mwenye duka, kwa adabu, atangulize "Bonne fête!" Zinakuwa 96, bado chache, lakini gharama imeruka mara mbili. Kosa ni la ê. Alfabeti ya msingi ya simu ina é na è, ila ê haimo. Ikiingia hata moja, meseji nzima huandikwa kwa mfumo mwingine unaobeba herufi 70 tu, kwa hiyo inakatwa vipande viwili na kila kimoja kinalipiwa. Hata alama iliyo katika neno ng'ombe, ikiwa ile iliyopinda ya kompyuta badala ya iliyonyooka, inaleta hasara hiyohiyo. Kiswahili kitupu ni nafuu.

Kuna mtego mwingine. Wengi hupenda meseji itokee kwa jina la duka badala ya namba. Inapendeza, lakini meseji ya namna hiyo hairudi: mteja akibonyeza 1, jibu halina pa kwenda. Omba namba fupi kwa kampuni ya simu, na ukiweza mlipie anayejibu. U-Report ya UNICEF, iliyoanza Uganda mwaka 2011, ilikusanya maoni ya vijana kwa meseji za kawaida, bila malipo kwa anayejibu.

Menyu za nyota na reli (* na #) nazo zinafaa, kwani M-Pesa, iliyoingia Kongo mwaka 2012, imewazoesha watu. Ubaya wake, mtandao ukikatika katikati unaanza upya, na baadaye hakuna kinachobaki kwenye simu cha kumwonyesha mume au jirani.

WhatsApp ije ya pili, kwa waliokwisha kujibu. Mfumo wake wa biashara (API) unaruhusu vitufe vitatu vya jibu au orodha ya machaguo kumi, na mteja akikuandikia una saa 24 za kumjibu kwa uhuru. Zikipita, unarudi kwenye ujumbe ulioidhinishwa mapema. Hapo sauti fupi ya Kiluba itauza kuliko picha kumi. Ama RCS, ile meseji mpya yenye kadi na vitufe ambayo Apple iliikubali mwaka 2024, inategemea simu, kampuni na intaneti kwa pamoja. Kamina isubiri.

Kabla ya kutuma chochote, amua nani atashika simu ya duka. Meseji 500 zikitoka Jumamosi asubuhi, wanaobonyeza 2 wanataka bei kabla soko halijafungwa.