Maradhi ya Kula na Sheria ya Kiislamu (2): Mgonjwa Anayesitirika na Ramadhani

Katika sehemu ya kwanza tulieleza anoreksia, ambapo mtu hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa hata akiwa amebaki mifupa, na bulimia, ambapo hula kwa pupa kisha hujitapisha. Leo tutazame hukumu ya mgonjwa huyu katika swaumu.

Ramadhani humsitiri. Mchana hakuna amuulizaye mbona hali. Magharibi yeye ndiye anayepakua uji na tambi, akizunguka na sinia mpaka wenzake washibe. Wakati wa daku husema kashakula. Mama humsifu kwa kufunga mwezi mzima bila kukatiza, asijue kwamba hedhi ya bintiye imekoma kwa udhaifu wa mwili.

Sura al-Baqara, aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, wala haikubagua maradhi ya nafsi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, anayechelea kuangamia humpasa kula. Akishikilia kufunga, anapata dhambi. Anayetarajiwa kupona atalipa akipata nguvu. Asiye na tamaa ya kupona hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Maradhi haya yanatibika, kwa hiyo asili yake ni kulipa, daktari akiridhia.

Kuhusu kujitapisha, hadithi ya Abu Hurayra waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi yaonyesha kuwa anayejitapisha kusudi atailipa swaumu yake, na aliyezidiwa na matapishi hana cha kulipa. Lakini pana hatari kubwa kuliko hiyo: kutapika kila mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo waweza kusimama. Huyo apelekwe hospitali kabla ya kukemewa.

Asitokee wa kuiita hali hii zuhudi. Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdullah bin Amr bin al-As kufunga kila siku, akimkumbusha haki ya mwili wake. Ikiwa swahaba aliyefunga kwa kuipenda ibada alizuiwa, seuze binti anayefunga kwa kuuchukia mwili wake?

Wazazi, msimlazimishe kumaliza sahani. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hurudishiwa chakula kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, kwani shibe ya ghafla yaweza kumuua. Nanyi maimamu, mwambieni waziwazi kwamba kula kwake mchana wa Ramadhani ni kumtii Mola wake. Neno hilo hulisikia kwenu kuliko kwa daktari.

Sehemu ya tatu itahusu kula kwa kupindukia na mipaka ya israfu.