Aliyepika Naye Aketi Atazame



Ndugu msomaji, na khasa wewe mama unayesoma ukurasa huu ilhali chungu kiko motoni, leo nakusimulia yaliyonipata Garissa. Nilikwenda huko nikidhani nina la kufundisha, nikarudi nimefundishwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, yaliyokutanisha wachezaji wa ligi za ndani za mataifa ya Afrika. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilipanda basi kutoka pwani, tukapita Garsen, Hola na Bura, hadi mjini Garissa anakokaa binti yangu, aliyeolewa na kijana wa Kisomali. Nilimchukulia nazi kumi, kwani huko mbuzi ni wengi na maziwa ya ngamia ni tele, lakini nazi hutoka kwetu.

Nilimkuta ana mpango wake. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa ameanza kuzoea ukumbi wa video, ambako vijana hutazama mpira huku wakiweka pesa za kamari kwa simu. Magharibi na Isha zikimpita huko huko. Mama yake hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kila timu itakayocheza na Kenya, nitapika chakula cha watu wake. Ukitaka kujua wanakula nini, uwe nyumbani."

Basi siku Kenya ilipoifunga Kongo bao 1–0, tarehe 3 Agosti, kabla sijafika, kijana alikula sombe, na kumbe sombe ni kisamvu chetu. Alinipokea mlangoni akiwa na habari hiyo. "Babu, Wakongo wanakula chakula cha Bibi!"

Usiku wa Angola

Tarehe 7 Agosti ilikuwa zamu ya Angola, na mechi ilianza saa moja usiku. Binti yangu alisonga funji, ambayo ni ugali wa unga wa muhogo, akapika na muamba, yaani mchuzi mzito wa kuku wenye bamia na boga. Kwao hupikwa kwa mafuta ya mawese. Yeye hakuyapata sokoni, akatumia samli na manjano kidogo kupata rangi.

Sebuleni tulikaa mimi, mkwe wangu, ndugu zake wawili na kijana. Binti yangu akaleta maji ya kunawa, akaleta sinia, akarudi kuongeza mchuzi, akaondoa vyombo, akatia chai ya tangawizi. Kijana hakutoka nyumbani, nasi tukamsifu mama yake kwa hekima. Mpira ulipokwisha aliingia na birika, akaniuliza kwa upole, "Baba, imekwishaje?"

Nikamwambia, "Sare, moja kwa moja."

"Tulifunga sisi kwanza au wao?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba aliyeileta furaha ile nyumbani hakuona hata dakika moja.

Usingizi ulinipaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewasomesha watoto wa madrasa kisa cha Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, siku Wahabeshi walipocheza na mikuki yao katika msikiti wa Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama akimsitiri kwa nguo yake, naye akitazama mchezo mpaka aliporidhika mwenyewe. Mtume alisimama ili mkewe atazame. Mimi nilikaa nikatazama, na binti yangu ndiye aliyesimama.

Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya mumewe. Akacheka kwa haya, akasema, "Si neno, Baba." Lakini lilikuwa neno. Mkwe wangu alinyamaza kitambo. Mama yake, bibi mzee aliyekulia malishoni, ndiye aliyemaliza shauri. Alimwambia mwanawe, "Mchungaji akiwa porini na ngamia, nani humpikia? Si hujipikia mwenyewe? Basi mji ndio umekusahaulisha."

Tukapatana mambo matatu. Kwanza, chakula cha siku ya mechi kipikwe asubuhi, na kila mtu ashike kazi yake. Pili, mpira ukianza hakuna anayebaki jikoni, na wanaume ndio watakaopakua na kuosha vyombo. Tatu, adhana ikilia, sauti ya televisheni izimwe.

Kuskusi ya Jumapili

Jumapili tarehe 10 Agosti Kenya ilikutana na Moroko saa tisa alasiri. Tulianza kazi baada ya chai ya asubuhi. Kuskusi ya tayari haikupatikana dukani, lakini asili yake ni suji, na suji ipo kila mahali. Nakuandikia tulivyofanya, nawe ujaribu. Chakula hiki kinatosha watu sita.

Chukua suji nene vikombe 3, uitandaze katika sinia pana. Nyunyizia maji yenye chumvi kidogo kidogo, huku ukiisugua kwa viganja kwa mviringo mpaka ifanye punje ndogo. Nyunyizia unga wa ngano vijiko 3 ili punje zisishikane, kisha uzicheke. Zitakazobaki juu ya chekeche zikiwa kubwa mno, zisugue tena.

Sufuriani chemsha nyama ya mbuzi kilo 1 pamoja na vitunguu maji 3, tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, manjano na chumvi. Nyama ikikaribia kuiva, tia karoti na vipande vya boga. Weka punje za suji katika kichujio cha bati kilichotandikwa kitambaa safi, ukikalishe juu ya sufuria hiyo hiyo, na uzibe pembeni kwa kitambaa kibichi ili mvuke usipotee. Baada ya dakika 20 ziteremshe, zivuruge kwa samli na maji kidogo, kisha zirudishe. Fanya hivyo mara tatu. Mwisho tia katika mchuzi tende 12 zilizotolewa kokwa, ziache kwa dakika 10. Wamoroko hupenda kuchanganya nyama na matunda makavu, na kwetu tende haikosekani.

Kijana ndiye aliyesugua suji. Baba yake alikata nyama. Mimi nilipewa vitunguu, nikalia machozi ya haki. Mpira ulipoanza tulikuwa wote tumeketi, mama katikati. Mapumziko yalipofika tulisali Alasiri jamaa, na Kenya ikashinda 1–0. Bao lile binti yangu aliliona kwa macho yake.

Sinia la kwanza lilikwenda kwa jirani kabla yetu sisi kula. Mtume ametuusia kuzidisha maji katika mchuzi ili jirani apate. Garissa wasia huo una uzito wake, kwa kuwa kambi za Dadaab zimo katika kaunti hiyo, na mwaka ule mgao wa chakula cha wakimbizi ulipunguzwa. Kupika vyakula vya mataifa kwa ajili ya picha za simu, kisha kumwaga nusu, ni israfu ambayo Mwenyezi Mungu haipendi. Hivyo ilipikwa sahani moja tu kwa kila mechi.

Madagaska na maji ya ukoko

Zambia walipokuja tarehe 17 tulisonga nshima, na mboga ya majani ya maboga kwa karanga. Watoto wadogo wakapiga kelele, "Huu ni ugali wetu!" Naam, ni ule ule, na Kenya ikashinda tena 1–0.

Ijumaa tarehe 22 ilikuwa robo fainali na Madagaska. Hapa tulikuwa na la kuangalia, kwa maana kisamvu cha Wamalagasi, kiitwacho ravitoto, mara nyingi hupikwa kwa nyama ya nguruwe. Twaweza kuchukua mkono wa mpishi na kuacha kilichoharamishwa. Tukachagua kuku wao wa nazi, na nazi zangu zikapata kazi. Wali ulipopakuliwa, binti yangu hakuukwangua ukoko. Aliumwagia maji, akauchemsha, akayachuja. Maji hayo, yenye rangi ya dhahabu na harufu ya wali ulioungua kidogo, ndiyo kinywaji cha Wamalagasi cha kila siku. Nikawaeleza watoto kwamba lugha ya watu hao ni ndugu ya lugha za Borneo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na kwamba wazee wao walivuka bahari hiyo yote kwa vyombo vyao.

Magharibi iliingia mpira ukiwa bado unachezwa, na roho zetu zikiwa juu. Sikusema neno. Kijana aliitazama televisheni, akatutazama, kisha akainuka yeye mwenyewe na kuizima sauti. Tukasali. Wallahi, nafasi hiyo ilinipendeza kuliko kikombe chochote.

Mechi ilifika hadi mikwaju ya penalti, na Kenya ikatolewa 4–3. Kijana alilia. Mama yake akampa kikombe cha maji ya ukoko. Akanywa, akafuta machozi, akasema, "Wametutoa, lakini maji yao matamu." Mwenyezi Mungu anatufundisha katika Surat al-Hujurat kwamba alituumba mataifa na makabila ili tujuane. Mtoto aliyekula chakula cha mtu haoni rahisi kumtukana kwa ajili ya mpira.

Wazazi wenzangu, mwaka 2027, inshallah, Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa katika nchi zetu hizi tatu. Wanaume tusingoje tukumbushwe. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Katika jibu hilo moja mna jiko na mna msikiti.

Siku ya fainali, tarehe 30 Agosti, Moroko iliifunga Madagaska 3–2. Mimi nilikuwa nimekwisha rudi pwani. Kijana alinipigia simu kabla ya mechi, nikamuuliza wanapika chakula cha nani.

"Babu, leo ni zamu ya Baba kupika. Ametengeneza basto, ndiyo anayoijua."

"Na mama yako yuko wapi?"

"Ameketi. Anangoja mpira uanze."

Wabillahi tawfiq.