Kupotea kwa Herufi D Si Kupotea kwa Faili

"D yangu imepotea, nifomati?" Swali hili hunifikia kutoka kwa wahasibu wa Kilimani, wenye saiba za Kangemi na makatibu wa makanisa ya Kawangware, na kisa huwa kile kile. Mtu amepeleka kompyuta Luthuli Avenue, akawekewa SSD, na diski ya zamani ikatiwa kwenye kasha la USB. Amefika kwake, amewasha, C ipo, D haipo. Programu ya hesabu inamwambia faili ya kampuni haionekani. Jirani mjuaji anamshauri: fomati, D itarudi.

Usifomati.

Kosa linaanzia kwenye imani kwamba herufi imo ndani ya diski. Haimo. Windows huiandika katika rejista yake yenyewe, kwenye orodha iitwayo MountedDevices, ambayo huoanisha kila herufi na kitambulisho: kwa diski za MBR, sahihi ya diski pamoja na mahali sehemu inapoanzia, kwa diski za GPT, nambari ndefu ya sehemu yenyewe. Ukisakinisha Windows upya kwenye SSD, umepata rejista changa isiyoijua D yako hata kidogo. Itaipa diski ya zamani herufi iliyo wazi, mara nyingi E au F, kwa kuwa D imeshakaliwa na kiendeshi cha DVD au flashi uliyoisahau kwenye tundu. Asiyeamini aichomeke diski hiyo kwenye kompyuta ya Linux: faili ataziona, herufi hataiona, maana huko hazitumiki kabisa. Nambari 46 ikibanduliwa kwenye kioo cha matatu ya Kawangware, abiria hawayeyuki vitini.

Mbona basi ushauri wa kufomati haufi? Kwa sababu unaonekana kufaulu. Unapofomati sehemu mpya, Windows hukuuliza herufi, unachagua D, na D inatokea pale pale. Fundi anasifiwa, analipwa. Mteja anaifungua, anakuta tupu, anaambiwa faili zilikuwa zimeliwa na virusi. Virusi gani? Zilikuwa salama mpaka kitufe kilipobonyezwa.

Na madhara hayalingani. Fomati ya haraka hufuta orodha ya faili tu. Kwenye diski inayozunguka, data inaweza kuokolewa ikiwa hakuna kipya kilichoandikwa juu yake. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sufuri diski nzima, na hapo hakuna mwokozi. Kwenye SSD hata ile ya haraka ni balaa: Windows huiarifu kwamba nafasi yote haina kazi tena, nayo hujisafisha kimyakimya wakati wewe unatafuta programu ya kurejesha data.

Lipo pia kundi la walionakiliwa diski nzima. Nakala hubeba sahihi ile ile ya asili, na Windows haikubali diski mbili zenye sahihi moja, kwa hiyo moja huiandika "Offline". Mwenyewe anaamini diski imekufa. Ni nzima. Lakini ukiilazimisha iwe "Online", Windows itaiandikia sahihi mpya, na huenda isiweze tena kuwasha kompyuta. Nakili unachokitaka ukiwa na diski moja kwa wakati mmoja, kwenye kompyuta nyingine.

Sasa tiba, ambayo ni fupi kuliko malalamiko. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Disk Management". Ikiwa D imekaliwa na DVD au flashi, ihamishe kwanza iwe Z. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia juu ya sehemu yenye faili zako, chagua "Change Drive Letter and Paths", halafu "Change", weka D, kubali onyo. Washa kompyuta upya; programu ya hesabu itaipata njia yake. Wapendao kuandika amri watumie diskpart: "list volume", "select volume" na nambari yake, kisha "assign letter=D". Humo humo kuna amri "clean", usiiguse. C nayo iache, Windows yenyewe haitakuruhusu. Diski mpya tupu ikiomba "Initialize", kubali. Ya zamani yenye kazi zako ikiomba hivyo, kataa na uichomoe. Ikisomeka "RAW", pia ichomoe, mpe anayeokoa data. Ikitokea kufuli, tafuta ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48 katika akaunti yako ya Microsoft. Na kama unaanza upya, iite diski ya kazi M au P: Windows hugawa herufi kuanzia mwanzo wa alfabeti, hivyo flashi haitakupokonya.

Mwisho, usiondoke dukani bila diski yako ya zamani mkononi, na usimruhusu mtu kuifuta mpaka umefungua vitabu vya mwaka jana na vya mwaka juzi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mlipa kodi ahifadhi kumbukumbu kwa miaka 5. KRA wakizihitaji, "D ilipotea" si jibu, hasa ikiwa uliifuta mwenyewe.