Jua Halirudishi Dawa Iliyolowa

Kila inapoingia masika, barua zinifikiazo kutoka kwa wenye maduka ya dawa wa mwambao, na kutoka kwa kina mama wanaoweka akiba ya vidonge kabatini, huuliza swali lile lile ambalo nimekwisha kulijibu hata nimechoka: vidonge vimeingiwa na unyevu, je, nivianike juani kwa muda gani? Muda huo haupo. Dawa iliyolowa haianikwi uani, wala haiwekwi kando ya jiko, na dhana kwamba kidonge kikikauka tena kimerudi kuwa dawa ni dhana batili, nami sina budi kuing'oa, kwa kuwa wanaoumia kwa sababu yake ni wagonjwa wasiojua walichopewa.

Wenye dhana hii wana hujja moja, ambayo kwa kuitazama juujuu huonekana ni nzuri: kiwandani nako, wasema, dawa hukaushwa. Naam, hukaushwa, lakini kinachokaushwa kiwandani ni chenga ambazo bado hazijawa kidonge, zilizopatikana kwa kuukanda unga wa dawa na gundi ya wanga, zikatiwa maji kwa kipimo, zikakaa nayo kwa muda mfupi unaojulikana, kisha zikaondolewa maji hayo mpaka yabakie aghalabu sehemu 1 hadi 3 katika 100, wala si chini ya hapo, maana chenga zilizokaukiana mno hutoa kidonge kinachobanduka kichwa mara kitokapo mashineni, ilhali zilizobaki na majimaji hunata kwenye chuma. Hata huko, basi, ukavu una mpaka wake, na mpaka huo hupimwa kwa mizani, haukisiwi kwa kidole.

Kidonge kilicholowa kabatini kina hali nyingine kabisa, kwa sababu maji yameingia bila ya kipimo na yamekwisha kufanya kazi yake. Aspirini, mathalani, ikipata maji huvunjika ikawa asidi ya salisili na asidi ya siki. Fungua kichupa kilichopitisha masika bila ya kizibo, ukinuse, nawe utaisikia siki yenyewe, na pengine utaona fuwele nyembamba nyeupe zimeota juu ya vidonge. Jua litayafukuza maji, lakini halitaviunganisha vile vilivyoachana. Tena, kabla maji hayajatoka, joto lake litakuwa limeharakisha kule kuvunjika. Vidonge vya kapsuli, vile vya rangi mbili, navyo vina ganda la jelatini ambalo kwa kaida yake hubeba maji sehemu 13 hadi 16 katika 100, na ukilinyang'anya maji hayo hukatika kama ganda la yai. Amoksilini hushika maji ndani ya fuwele zake, takriban sehemu 13 katika kila 100 za uzito wake, na hayo si unyevu wa kufukuzwa bali ni sehemu ya umbo lake. Ama tetrasaiklini, jambo lake ni zito zaidi: mwaka 1963 matabibu wa Marekani walieleza habari za wagonjwa walioharibikiwa na figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyooza, na vitu vinavyoiozesha ndivyo hivi hivi, joto na unyevu.

Hata kanuni yenyewe ya kukausha imeeleweka kinyume, kwani watu hudhani moto ukizidi ndipo kitu hukauka vyema. Maji yaliyo juu ya chenga huondoka upesi. Yaliyo ndani sharti yasafiri kwanza mpaka nje, na moto ukiwa mkali kuliko mwendo huo, uso hukazana ukayafungia ndani, au maji hubeba rangi na dawa inayoyeyuka yakaiacha juu, na ndiyo asili mojawapo ya kidonge cha manjano chenye madoadoa. Fauka ya hayo, hewa ndiyo ipokeayo mvuke, na hewa ya pwani, ambayo asubuhi aghalabu imeshiba zaidi ya sehemu 80 katika 100, haina nafasi kubwa ya kupokea.

Njia za viwandani ni hizi, kwa ufupi: sinia ndani ya kabati la hewa ya nyuzi 50 hadi 60, kazi ya usiku mzima; mtambo unaopuliza hewa kutoka chini hadi chenga zikaelea, zikakauka kwa muda wa nusu saa hivi; ombwe, kwa dawa isiyostahimili moto; kunyunyiza dawa ya maji katika hewa moto ikaanguka unga; na kugandisha, ambapo barafu hugeuka mvuke bila ya kuwa maji, njia iliyowezesha chanjo ya ndui kufika nchi za joto mpaka ugonjwa ukatangazwa umekwisha mwaka 1980.

Nyumbani hakuna hata moja ya njia hizo. Nawasihi wasomaji: acheni vidonge ndani ya pakiti zake mpaka saa ya kumezwa, msitupe kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu kilichomo koponi, msiweke dawa jikoni wala bafuni, na vilivyolainika, kubadilika rangi au kunuka, virudisheni kwa mfamasia aviteketeze, mgonjwa apewe vingine.