Jina Humtangulia Mwenyewe

Nikikaa na kijana kwa somo la kulinda jina mtandaoni, sianzi na makatazo. Namwambia afungue kivinjari kwa dirisha la faragha, asiingie kwenye akaunti yoyote, kisha ajitafute kama angemtafuta mtu asiyemjua. Kwanza majina yake yote matatu. Halafu jina na shule. Mwisho, jina la utani alilojiita akiwa darasa la saba, na hapo ndipo vidole husita.

Mmoja, kidato cha nne, aliibukiwa na akaunti aliyokwisha kuisahau. Picha ya msichana waliyesoma naye, na chini yake maneno matatu ya kumcheka kwa weusi wake. Akaifunika skrini kwa kiganja. Nilinyamaza. Baadaye akauliza, "Mwalimu, naye ameiona?"

Swali hilo kwangu lina uzito kuliko vitisho vyote vya kukosa kazi. Tunawafundisha vijana kulinda majina yao kana kwamba ni mali yao peke yao, ilhali doa kubwa mara nyingi ni jeraha la mtu mwingine.

Wengi hujiegemeza kwenye usiri. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwanyang'anya nafasi vijana wasiopungua 10 kiliokwisha kuwakubali, kwa picha za kejeli walizotumiana katika kundi la faragha la Facebook. Faragha ya kundi haizidi uaminifu wa mwanakundi mmoja mwenye skrinishoti. Hata stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, lakini aliyoihifadhi mwenzako haitoweki.

Na kufuta je? Hapa vijana huchanganya mambo mawili: kukifuta kitu chenyewe, na kukiondoa kwenye matokeo ya Google. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Mhispania mmoja anaweza kudai Google iache kuonyesha, jina lake likitafutwa, viungo vya matangazo ya mnada ya mwaka 1998. Matangazo yenyewe yalibaki kwenye kurasa za gazeti lililoyachapisha. Google huelekeza tu. Kitu kiko kwa aliyekiweka, na huyo ndiye wa kuombwa kwanza. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe.

Kijana wangu hakufuta kwanza. Alimpigia yule msichana, akatoka nje kuzungumza. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na nywila alikuwa ameisahau. Tulihangaika nayo mpaka kengele ya mchana.