Je, Landrova Itadumu?

Kuna gari la Kiingereza ambalo hapa Isiolo halihitaji kujulishwa, nalo ni Landrova. Lilizaliwa mwaka wa 1948, Uingereza ilipokuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu. Springi za yale ya zamani ni vyuma bapa vilivyopangwa kama madaftari. Kimoja kikivunjika njiani, fundi hutoa hicho tu, anatia kingine, safari inaendelea. Spana na nyundo zatosha!

Mbona basi Toyota Land Cruiser imeipiku? Watu husema injini ya Mjapani haisumbui, na spea zake zapatikana upesi. Haya, lakini mimi bado ni wa Landrova.

Shida ni kwamba kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya aina ile ya kale Januari 2016. Mpya inaundwa Slovakia, nayo imejaa kompyuta. Ikizimika kati ya Archer's Post na Laisamis, fundi wetu ataanzia wapi?

Tena kuna lami. Siku hizi inafika hadi Moyale, hata Probox yaenda. Landrova kuukuu imebakiwa na njia za udongo kama ile ya Merti. Mvua ikinyesha huko, Probox hulala njiani.